Unalipia HD, unaona SD: tafuta tatizo kuanzia sebuleni

Ligi zikianza simu yangu haitulii. Kazi yangu ni madishi na ving'amuzi hapa Moshi, toka Pasua na Majengo huku chini hadi Kibosho kule juu, na mara mojamoja naitwa Arusha. Malalamiko ninayopokea ni machache ila yanajirudia. "Fundi, nalipia kifurushi cha HD lakini tofauti siioni." "Fundi, HD inagandaganda, ile ya kawaida inakwenda vizuri." "Fundi, TV mpya ina picha mbaya kuliko ile ya chogo niliyoitoa."

Kesi nyingi kati ya hizi hazinihitaji nipande paa. Zinaishia sebuleni, nyuma ya TV, kwa dakika kumi. Inaniuma kumkuta mtu ameshanunua TV ya pili, au amebadilisha dishi zima, wakati ugonjwa ulikuwa kwenye waya wa mita moja na nusu. Kwa hiyo nimeandika haya kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe nikiingia nyumbani kwa mtu: kilicho rahisi na cha kawaida kwanza, kigumu na cha nadra mwisho. Kuna sehemu nitakuambia acha, usiendelee. Hapo naomba unisikilize.

Tunapima nini hasa

Picha ya SD, yaani ile ya kawaida, tunayopokea huku ina mistari 576 kutoka juu hadi chini, na kila mstari una nukta zisizozidi 720. Ukizidisha unapata nukta 414,720. HD ndogo, ile ya 720, ina nukta 1,280 kwa 720, yaani 921,600. HD kamili ina 1,920 kwa 1,080, yaani 2,073,600. Hiyo ni mara tano ya SD. Na bado hiyo SD ni ile iliyojaa: warushaji wengi hupunguza upana hadi nukta 544 ili chaneli nyingi zienee kwenye nafasi moja, kisha king'amuzi kinaivuta picha irudi upana wake. Ndiyo maana chaneli mbili za SD kwenye king'amuzi kimoja zinaweza kupishana ubora.

Jambo la pili ni lugha. Wengi bado wanaita kila tatizo "chenga". Chenga zenyewe, zile punje nyeupe na mchirizo wa sauti, zilikuwa za analojia. Dar es Salaam mitambo ya analojia ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012, huku kwetu ikafuata mwaka 2013. Dijitali haina chenga za namna ile. Mawimbi yakipungua, picha inabaki safi kabisa hadi inapofika ukingoni, halafu inaanza kuvunjika vipande vya mraba, inaganda, inapotea. Maana yake ni hii: picha yenye ukungu na picha inayoganda ni magonjwa mawili tofauti. Ukungu hauletwi na dishi. Mtu akija kukugeuzia dishi kwa sababu picha haina makali, mzuie, utalipa bure.

Kabla ya yote: chaneli ileile, mara mbili

Kipimo changu cha kwanza hakihitaji kifaa. Tafuta chaneli inayopatikana kwa SD na HD kwenye king'amuzi chako, kila moja na namba yake. Wakati wa mpira ndiyo vizuri zaidi. Simama karibu, mita moja na nusu toka kwenye kioo, uangalie vitu vitatu: maandishi madogo ya matokeo pembeni juu, namba mgongoni mwa mchezaji aliye mbali, na nyasi. Kwenye SD nyasi huwa zulia la kijani. Kwenye HD ya kweli unaona michirizi ya mashine ya kukatia na mahali palipochimbika mbele ya goli. Hamia ya pili, rudi ya kwanza, mara tatu nne.

Majibu yake ndiyo yanayokupeleka kwenye dalili inayokuhusu. Zote mbili zinafanana: tatizo liko kati ya king'amuzi na macho yako. HD inaganda na SD haigandi: tatizo liko kati ya dishi na king'amuzi. Zote zinaganda: bado ni dishi au waya wake, ila hali ni mbaya zaidi. HD zote nzuri isipokuwa chaneli moja: tatizo haliko kwako.

Dalili: HD na SD zinafanana, zote zina ukungu

Hii ndiyo ninayoikuta kuliko zote.

Anza na waya. Tazama nyuma ya king'amuzi. Ukiona waya wa rangi tatu, njano, nyekundu na nyeupe, umeshapata mchawi. Ule wa njano unabeba picha ya SD tu, hata ukilipia kifurushi cha bei gani. Chaneli ya HD inaingia kwenye king'amuzi ikiwa na nukta milioni mbili, inatokea kwenye njano ikiwa imeshushwa hadi mistari 576, kisha TV inaivuta tena ijaze kioo. Unachokiona ni mabaki. Unatakiwa utumie waya wa HDMI, ule wenye kichwa bapa kama mdomo wa bata. (Wapo wenye waya wa kijani, bluu na nyekundu kwa picha, ule unapitisha HD, usichanganye na huu.)

Mama mmoja wa Rau aliniita mwaka jana. TV ya inchi 50, mpya, bado ina karatasi ya plastiki kwenye fremu. Chini yake kabati, juu ya kabati kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa king'amuzi. Akaniambia, "Kijana wangu, hii HD ni jina tu, wametudanganya." Nikainua kitambaa nifuate waya. Njano, nyekundu, nyeupe. Nikamuuliza, "Mama, boksi la king'amuzi lipo?" Lilikuwa juu ya kabati la nguo chumbani. Ndani yake, kwenye mfuko wake wa plastiki, umefungwa na kile kiwaya chake cheusi, ulikuwemo waya wa HDMI haujawahi kuguswa. Aliyemfungia alizoea TV za chogo, akachomeka alichokijua. Tulipobadilisha, yule mama alisogea hadi karibu na kioo, akaanza kusoma kwa sauti maandishi yanayopita chini ya taarifa ya habari. Alikuwa hajawahi kuyasoma toka TV ifike.

Ukibadilisha waya, chukua rimoti ya TV, bonyeza kitufe cha "Source" au "Input", uchague HDMI uliyochomekea. Watu husahau hatua hii, wakiona kioo cheusi wanarudisha waya wa zamani.

Waya ni HDMI tayari na picha bado ina ukungu? Ingia kwenye menyu ya king'amuzi, upande wa mipangilio ya picha, tafuta "Resolution" au "Video Output". Ving'amuzi vingi vilivyowahi kutumika na waya wa njano vinabaki kwenye 576i, yaani SD. Weka 1080i au 1080p. Kama TV yako ni ya inchi 32 ya zamani kidogo, kioo chake pengine kina nukta 1,366 kwa 768. Jaribu 720p na 1080i, ubaki na inayopendeza. Baada ya kuchagua, king'amuzi kinauliza kama unaona picha. Usipojibu kwa sekunde kadhaa kinarudi kilipokuwa. Kwa hiyo kaa na rimoti mkononi.

Sababu ya tatu: hujafika kwenye chaneli ya HD. Chaneli nyingi zina namba mbili, na vidole vimezoea ile ya zamani. Bonyeza "Info" uone kama jina linaishia na HD. Kama ile ya HD inakuambia hujailipia, basi kifurushi chako kina SD peke yake, na hapo hakuna cha kutengeneza.

Nne, umbali. Hili watu hawapendi kuambiwa, lakini ni kweli. Jicho zima, kwa makadirio, linaanza kushindwa kutenganisha mistari ya SD ukikaa mbali mara sita ya kimo cha picha, na mistari ya HD kamili ukikaa mbali mara tatu na kitu. Kioo cha inchi 32 kina kimo cha sentimita 40. Ukikaa zaidi ya mita mbili na nusu hivi, faida ya HD unaiacha hewani. Sebule nyingi ninazoingia kochi liko mita tatu. Mwenye inchi 32 kwa mita tatu anayenilalamikia kwamba HD haina tofauti, TV yake haina ugonjwa. Asogeze kochi au aendelee na SD, apunguze bili. Inchi 55, yenye kimo cha sentimita 68, kwa mita tatu hiyohiyo inaonyesha tofauti waziwazi.

Ya tano, kipindi chenyewe. Kuwepo neno HD kwenye jina la chaneli hakuifanyi kila picha iwe HD. Filamu ya zamani, mkanda wa maktaba, ripoti iliyopigwa kwa kamera ya zamani, vyote huvutwa vifikie ukubwa wa HD lakini undani haukuwepo tangu mwanzo. Dalili yake ni kwamba nembo ya chaneli na maandishi yana makali kama wembe, ila watu wana ukungu. Ukiliona hilo, vifaa vyako viko sawa. Usiguse kitu.

Nadra, ila bado nakutana nayo: king'amuzi chenyewe si cha HD. Geuza nyuma, kama hakina kabisa tundu la HDMI, hakuna mpangilio wala waya utakaosaidia.

Dalili: nimenunua TV kubwa, SD zimekuwa mbaya kuliko mwanzo

Hujatapeliwa. TV ya chogo ya inchi 21 ilikuwa rafiki wa SD: kioo kidogo, nukta laini zinazoingiliana, kasoro zinafichika. Sasa picha ileile ya nukta laki nne inatandazwa kwenye kioo chenye milioni mbili, au milioni nane na zaidi kama ni 4K. Kwa 4K, kila nukta moja ya SD inabidi ijaze nafasi ya ishirini. TV inabuni hizo kumi na tisa zilizobaki. Zikibuniwa na kifaa cha bei ya chini, nyuso zinakuwa kama nta.

Huwezi kuiondoa kabisa, ila unaweza kuipunguza. Kwanza toa TV kwenye hali ya "Vivid" au "Dynamic", ile wanayoiacha dukani ili ing'are mchana. Weka "Standard" au "Movie". Kisha tafuta "Sharpness". Wengi huipandisha wakidhani ni makali ya picha, nami zamani nilifanya hivyohivyo kwa wateja. Ukweli ni kwamba inachora mstari mweupe pembezoni mwa kila kitu, na kwenye SD inakuza pia vile vipande vya mraba vilivyoachwa na ubanaji wa picha inaporushwa. Ishushe hadi duara jeupe kuzunguka herufi litoweke. Baada ya hapo washa "Noise Reduction" kiwango cha chini, si cha juu, maana ya juu inapaka uso wa mtu ukawa kama wa mwanasesere. Mwisho rudisha kochi nyuma: kwa SD, inchi 43 inataka mita tatu na zaidi, inchi 55 inataka mita nne.

Dalili: HD inaganda na kuvunjika vipande, SD inakwenda safi

Hapa watu huniambia, "Basi dishi ni zima, maana chaneli nyingine zinaonyesha." Si lazima. Mara nyingi chaneli za HD hurushwa kwa mfumo unaobeba biti tatu kwenye kila alama ya mawimbi, wakati SD nyingi ziko kwenye mfumo wa biti mbili. Kubeba mzigo mkubwa kwenye alama ileile kunataka mawimbi safi zaidi. Dishi lililopinda kidogo linaitosheleza SD na kuiangusha HD. HD ni kama kipimajoto: inakuambia mapema kwamba dishi linaanza kuugua. (Pale ambapo mrushaji ameziweka SD na HD kwenye masafa mamoja, zitaganda pamoja.)

Fungua menyu ya mawimbi kwenye king'amuzi. Kuna mistari miwili, nguvu na ubora. Nguvu isikushughulishe sana. Hata kelele zina nguvu. Angalia ubora huku ukiwa kwenye chaneli inayoganda, uuone ukipanda na kushuka.

Anza na vichwa vya waya. Zima king'amuzi na uchomoe umeme kwanza, kwa sababu ule waya wa dishi unapeleka volti 13 au 18 juu kwenye LNB, kile kichwa kinachopokea mawimbi mbele ya dishi, na ukigusisha ile sindano ya kati na ganda lake unaweza kuua king'amuzi. Fungua kichwa, tazama. Sindano ya shaba iwe safi inayong'aa, isiwe ya kijani wala nyeusi. Nyuzi nyembamba za ganda zisiguse sindano. Kata sentimita mbili, chuna upya, funga vizuri.

Kisha fuata waya wote kwa macho. Kiungo kilichozungushiwa selotepu nje, mahali unapokwaruzwa na bati, mahali umepinda kama kiwiko. Waya mwembamba wa zamani uliokwenda mita thelathini, au uliogawanywa kwa spilita ili TV mbili zile pamoja, huiba mawimbi mengi. Toa spilita, jaribu TV moja. Ikipona, umeshajua.

Sasa toka nje, lakini baki chini. Tazama dishi linaangalia nini. Satelaiti ya nyuzi (digrii) 7 mashariki, ambayo madishi mengi ya hapa yameielekea, ukiwa Moshi iko upande wa magharibi, juu kwa nyuzi kati ya 54 na 55. Kwa hiyo Kilimanjaro hauzibi. Mlima uko kaskazini yetu. Kinachoziba ni cha nyumbani. Nilikwenda Kibosho kwa mzee mmoja mwezi wa Mei. "Shikamoo mzee." "Marahaba, baba. Ona hii, tangu Pasaka HD hakuna." Dishi lilifungwa Januari, limekaa vizuri, bolti zimekaza. Magharibi ya nyumba kuna kihamba, yaani shamba la migomba, na mvua za masika zilikuwa zimemwinua mgomba mmoja ambao Januari haukuwepo kabisa machoni mwa dishi. Jani lake pana, limelowa, lilikuwa linapepea katikati ya njia. Nilichukua mti mrefu nikalisukuma pembeni, kijana wake akiwa ndani anasoma namba: "Thelathini na nane... thelathini na nane... sabini na moja!" Nikaliachia: arobaini. Mzee alicheka, akaenda kuchukua panga. Jani kavu lingepitisha kiasi, ila maji yanameza mawimbi ya masafa haya vibaya sana.

Kwa satelaiti ya nyuzi 36 mashariki mambo ni mengine. Hiyo iko karibu utosini kwetu, nyuzi 85 na zaidi, kwa hiyo dishi linalala chali. Miti ya mbali haina neno, lakini kila kinachoanguka kinabaki humo. Arusha, kwenye mitaa yenye mijakaranda, maua yakipukutika nimekuta dishi limejaa kama ungo.

Ikiwa yote hayo ni safi, inabaki LNB na ulengaji. Nyigu hujenga kiota cha udongo mdomoni mwa LNB. Kifuniko chake cha plastiki hupasuka kwa jua, maji yakaingia. Au upepo umesogeza dishi. Au LNB imezunguka kidogo ndani ya kishikio chake, jambo linaloangusha baadhi ya chaneli na kuziacha nyingine.

Hapa ndipo pa kuacha. Usilegeze bolti za dishi "kujaribu". Kosa la nyuzi chache tu linatosha kupoteza kila kitu, na bila mita ya satelaiti utazunguka siku nzima. Usipande bati lenye unyevu. Usipande kabisa kama kuna wingu la radi, hata liko upande wa Same. Na kama nguzo ya dishi au antena iko karibu na waya wa umeme unaoingia nyumbani, usiiguse hata kwa fimbo; mwite fundi, na yeye mwambie kabla hajaweka ngazi.

Dalili: inakatika mvua ikinyesha tu

Mawimbi ya madishi haya madogo yako kwenye masafa ya gigahezi 10.7 hadi 12.75, na matone ya mvua kubwa huyanyonya. Ikikatika dakika kumi wakati wa mvua ya kupiga bati hadi hamsikilizani, kisha ikarudi yenyewe, hiyo ni kawaida. HD itatangulia kwenda na itachelewa kurudi. Ukiwa umehamia namba ya SD ya chaneli hiyohiyo, mara nyingi unaokoa mechi.

Lakini ikikatika kwa manyunyu, au ikikaa nusu saa baada ya mvua kuisha, hiyo si mvua. Ubora wako ulikuwa chini tangu kiangazi, mvua imemalizia tu. Au maji yameingia kwenye kichwa cha waya juu. Rudi kwenye dalili iliyotangulia.

Kuna kukatika kwingine kunakowashangaza watu: karibu na tarehe 21 Machi na tarehe 21 Septemba, mchana wa jua kali, picha inapotea dakika chache saa ileile kwa siku kadhaa, halafu basi. Jua linakuwa limekaa nyuma kabisa ya satelaiti, kelele zake zinaifunika. Kwa dishi la nyuzi 7 hapa kwetu ni karibu na saa tisa alasiri. Hakuna wa kumwita.

Dalili: watu wamekuwa wanene, au matokeo ya mechi yamekatwa pembeni

Watu wanene ni picha ya 4:3, ile inayokaribia mraba, iliyovutwa ijaze kioo kipana cha 16:9. SD nyingi za zamani ni 4:3. Bonyeza kitufe cha umbo la picha kwenye rimoti ya king'amuzi hadi uone nguzo nyeusi mbili pembeni. Hizo nguzo ndizo sahihi, ziache. Kuvuta kunaongeza ukungu juu ya ukungu uliopo.

Maandishi kukatwa ukingoni kwenye HD ni TV inayokuza picha kidogo ili kuficha kingo, desturi iliyobaki tangu enzi za chogo. Kwenye TV tafuta "Just Scan", "Screen Fit" au "Full Pixel" na uiwashe. Pamoja na kurudisha maandishi, picha nzima inaongezeka makali, kwa kuwa sasa kila nukta inakaa kwenye nafasi yake bila kuvutwa. Ni sekunde kumi, na karibu hakuna nyumba ninayoikuta imefanyiwa.

Dalili: kioo kinazima sekunde mbili kinarudi, au nukta nyeupe zinametameta kwenye HD

Huo ni waya wa HDMI au tundu lake. Chomoa pande zote, chomeka tena kwa kusukuma sawasawa. Jaribu tundu jingine la TV. Azima waya wa jirani. Kama ni mrefu kuliko mita tano, tafuta mfupi. Ukienda kununua Mbuyuni, usikubali kuuziwa wa "dhahabu" kwa ahadi kwamba utaongeza ubora wa picha. HDMI inapeleka namba. Zikifika zote, waya wa bei ndogo na wa bei kubwa vinatoa picha ileile. Waya mbovu hauleti ukungu, unaleta kukatika.

Sauti ipo na kioo ni cheusi kwenye HD tu? Pengine TV haikubali ulichochagua. Chomeka tena wa njano kwa muda uone menyu, shusha hadi 720p, rudisha HDMI.

Jioni kati ya saa moja na saa nne, kama king'amuzi kinajizima na kujiwasha chenyewe, tazama taa za nyumba. Zikiwa zimefifia, umeme ni mdogo na adapta ya king'amuzi haishibi. Stebilaiza husaidia. Adapta inayotoa joto kali au harufu ya kuungua, ichomoe na usiirudishe.

Na kama TV yenyewe ina mistari ya rangi kutoka juu hadi chini, au nusu ya kioo ni giza, kwenye chaneli zote na hata kwenye menyu yake, hilo ni la kioo au saketi. Usifungue mgongo wa TV. Kuna kapasita kwenye pawa inayoweza kushika volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa, na inatosha kumrusha mtu ukutani. Peleka kwa fundi wa TV mwenye meza yake, mwenye vifaa.

Ukimpigia fundi wa dishi, usimwambie tu "HD haionyeshi". Mwambie hivi: waya ni HDMI, king'amuzi kiko 1080i, ubora kwenye chaneli namba fulani ni asilimia kadhaa, SD yake inakwenda au haiendi, ilianza lini, mvua ilikuwepo au haikuwepo. Fundi anayejua kazi ataondoka dukani akiwa amebeba kifaa kinachotakiwa, na hatakuwa na sababu ya kukuuzia dishi.